Matundu Hayasimamishi Gari

Barua za wiki hii ni nyingi, za mapenzi na za karo, lakini zote nimezisukuma kando kwa sababu ya moja iliyotoka Dandora Phase 4. Kijana amenunua Mark X nyeusi, lita 2.5, ya kubebea maharusi na wazee wenye safari za heshima. Hongera. Sasa anataka kulibadilishia gari diski za breki, na amekwisha kuziona anazozitaka: zimetobolewa matundu uso mzima, zinang'aa, na muuzaji amemwahidi kwamba akizifunga gari litasimama papo hapo. Swali lake ni fupi: dada, ninunue?

Diski badilisha, mdogo wangu, ila hizo waachie wengine. Na kwa kuwa najua neno la dada halimtoshi mtu ambaye pesa zinamwasha mfukoni, keti nikueleze.

Mark X ina zaidi ya kilo 1,500 kabla hujaingia ndani. Mtie bwana harusi, msimamizi wake, shangazi wawili na masanduku yao, umepita 1,800. Sasa gari hilo likiwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa ukalisimamisha, ile nguvu ya mwendo inageuka joto, na karibu joto lote linaingia kwenye chuma cha diski. Za mbele ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, kama asilimia 70. Diski ya mbele yenye kilo 9 hivi itapanda kwa karibu nyuzi 60 kwa kusimama huko mara moja tu. Ukiwa na 120 badala ya 100, joto linazidi kwa asilimia 44, maana mwendo hauongezi joto hatua kwa hatua, unaongeza kwa kuruka.

Mara moja si tatizo. Tatizo ni mteremko. Chukua ile barabara ya Limuru kwenda Mai Mahiu, inayopita kanisa dogo walilojenga mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Gari la uzito huo likishuka kimo cha mita 400 huku dereva amekanyaga breki tu, joto linalotoka ni sawa na kusimama kutoka kilomita 100 mara kumi mfululizo, bila kupumzika. Piga hesabu: kumi mara 60. Upepo utapoza kiasi na injini itakusaidia ukiiruhusu, lakini hapo ndipo utakapojua diski yako ni chuma au ni pambo.

Ndiyo maana nasema nunua uzito. Sufuria nyembamba na chungu kizito ukiviteleka jikoni unajua kipi kinaunguza ugali. Diski nayo, kadiri ilivyo na chuma kingi ndivyo inavyomeza joto bila kuchachamaa. Tundu ni chuma kilichoondolewa. Zamani pedi za breki zilikuwa zikitoa gesi nyingi zikipata moto, na matundu yaliipa gesi pa kutokea. Pedi za siku hizi hazina shida hiyo sana. Kinachobaki ni kwamba kila tundu ni mahali ambapo ufa unapenda kuanzia, hasa kwenye diski ya bei rahisi iliyotobolewa kwa keekee baada ya kutoka kiwandani. Nyufa hizo huzioni kwa mbali. Chuchumaa, washa tochi ya simu, utaona nywele nyembamba zinatoka tundu hili kwenda lile.

Kuna zenye mifereji badala ya matundu. Hizo ni afadhali. Mfereji unafagia vumbi na maji usoni mwa pedi, na diski haipasuki ovyo. Lakini zinakula pedi upesi na zina mlio, na bibi harusi hataki mlio. Kwa kazi yako ya Jumamosi, chukua diski yenye uso mzima, laini, yenye mapito ya hewa katikati, ya kampuni inayojulikana, ya kipimo kilekile cha gari lako.

"Lakini dada, kubwa zaidi si bora zaidi?" Si lazima. Tazama magari ya mashindano ya dunia yanayokuja Naivasha kwa Safari Rally tangu 2021. Kwenye lami yanafungwa diski za mbele za milimita 370, lakini kwenye barabara ya vumbi yanashuka hadi 300, kwa sababu huko wanatumia rimu ndogo za inchi 15. Diski inafuata rimu na barabara. Mark X ya lita 3.5 ilitoka kiwandani na breki kubwa kuliko yako, na kuna mafundi watakaokuambia wakuhamishie hizo. Inawezekana, ila utanunua na kalipa zake, na kama una rimu ndogo utanunua na rimu. Mwisho wa siku umenunua nusu ya gari jingine.

Tena kuna jambo ambalo wauza diski hawalisemi: kinachosimamisha gari ni tairi. Kama ukikanyaga kwa nguvu unahisi pedali inatetemeka mguuni, hiyo ni ABS inakuambia breki zimeshafika mwisho wa kile tairi zinachoweza kushika. Hapo hata ukifunga diski ya lori, gari halitasimama mapema zaidi. Angalia tairi zako kwanza. Nimeona magari ya harusi yenye kalipa zilizopakwa rangi nyekundu kama midomo, yamevaa tairi za mtumba zilizokauka kama viatu vya mwaka juzi. Samahani, lakini nimeyaona.

Sasa ununuzi. Ukienda Grogan, kule Kirinyaga Road, beba diski yako kuukuu mkononi. Usione haya. Weka mpya kando ya ile uliyotoka nayo, uzipime kwenye mizani. Mpya ikiwa nyepesi kuliko iliyolika, muage muuzaji kwa heshima uondoke. Chungulia ukingoni uhesabu kuta za mapito ya hewa, ziwe za unene mmoja, zisiwe zimepinda huku na kule. Diski ya kweli ina unene wa chini umepigwa mhuri kwenye chuma chenyewe, umeandikwa MIN TH na namba yake kwa milimita. Boksi zuri lisikudanganye, boksi linachapishwa popote.

Zile zilizotumika zikaja kutoka Japani zinavutia kwa bei, najua. Lakini zimetoka kwenye gari la mtu, na mtu huyo alikuwa akifunga breki. Pima kwa vania. Zikiwa zimekaribia MIN TH, umenunua vyuma vya kuuza kwa kilo. Vilevile na kuskimu, yaani kuchonga uso wa diski ili unyooke: mafundi wa leth pale Kariobangi Light Industries wanajua kazi, diski inatoka imenyooka kama kioo, lakini imetoka nyembamba. Ikibaki juu ya kipimo, sawa. Ikishuka chini yake, usikubali hata fundi akiapa.

Na mara nyingi ule mtetemeko wa usukani unaomfanya mtu akimbilie diski mpya hautokani na diski kupinda. Ni kutu iliyobaki kwenye habu, diski ikakaa upande. Au ni nati zilizokazwa kwa bunduki ya hewa kando ya barabara, moja kwa nguvu zote na nyingine nusu. Mwambie fundi asugue habu kwa brashi ya waya hadi ing'ae, kisha akaze nati kwa kupishana, ya huku na ya kule, kwa spana ya kupima nguvu. Pini za kalipa azitoe, azisafishe, azipake grisi yake. Na pedi mpya, jamani. Pedi kuukuu kwenye diski mpya ni kuoa upya ukiwa na madeni ya ndoa ya kwanza.

Mafuta ya breki nayo yanasahauliwa. Yanavuta unyevu hewani hata ukiwa umeegesha. DOT 4 mpya haichemki hadi nyuzi 230 au zaidi, lakini ikishavuta maji inaweza kuchemka kuanzia 155. Siku mteremkoni pedali ikawa laini ikazama, mafuta yamechemka. Ikiwa ngumu lakini gari halishiki, pedi ndizo zilizopata moto. Badilisha mafuta kila miaka miwili, na kwenye mteremko shusha gia, acha injini ifanye kazi yake. Wanaoachilia nyutro ili kuokoa petroli siwataki hata ndani ya kona hii.

Ukishafunga, alfajiri ya Jumapili pitia Kangundo Road utokee Eastern Bypass, barabara ikiwa tupu. Toka 60 punguza hadi 10, polepole lakini kwa uthabiti, mara kadhaa, bila kusimama kabisa. Halafu endesha bila kukanyaga breki, ili zipoe. Usiegeshe ukiwa umekanyaga pedali diski zikiwa na moto, zitabaki na alama ya pedi.

Basi kabla ya kuacha pesa popote, ng'oa gurudumu moja la mbele, usome MIN TH, upime unene wa diski yako ya sasa, ukague uso wa nje na wa ndani, maana wa ndani ndio hulika bila kuonekana. Niandikie hizo namba mbili. Pengine hata huna haja ya kununua mwezi huu.