Daraja la Rialto

Katika nchi ya Italia uko mji uitwao Venice, uliojengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja, katikati ya maji ya chumvi yasiyo na kina kirefu. Humo njia kubwa si barabara, bali ni mifereji. Motokaa haziingii, mboga, matofali, wagonjwa, hata maiti wa kwenda kuzikwa, wote huchukuliwa kwa mashua. Mfereji ulio mkubwa kupita yote huitwa Mfereji Mkuu, nao huzungukazunguka katikati ya mji kama nyoka. Mahali palipo na soko la kale la samaki na mboga huitwa Rialto, na hapo ndipo penye daraja tutakalolitazama.

Zamani sana palikuwa na mashua zilizofungwa pamoja, watu wakapita juu yake. Baadaye likajengwa daraja la miti, na kipande chake cha katikati kiliweza kuinuliwa ili majahazi yenye milingoti mirefu yapite. Lakini mti ni mti. Mwaka 1444 watu walijazana darajani kutazama mashua za arusi ya mtawala wa Ferrara, nalo likavunjika chini yao, wakaanguka majini. Likajengwa tena, na mwaka 1524 likaanguka tena.

Basi wakuu wa mji wakakusudia kujenga kwa mawe, lakini shauri lilichukua miaka mingi. Palladio, fundi mwenye sifa kubwa, alichora daraja la matao kadhaa, zuri kama hekalu la Warumi wa kale. Hawakulikubali. Mwisho kazi alipewa Antonio da Ponte, mzee wa miaka zaidi ya 70, ambaye jina lake, ajabu, maana yake ni “wa darajani”. Yeye alichora tao moja tu, lenye upana wa mita 28 na zaidi, lisilo na nguzo majini ya kuzuia mashua.

Sasa fikirini ugumu wa kazi hiyo. Katika tao mawe huegemeana. Jiwe la juu husukuma la chini yake, nalo husukuma la pili, mpaka uzito wote ufike miguuni. Huko hausukumi chini tu, bali husukuma na kwenda nje, kama mtu asimamaye penye utelezi hali ametanua miguu. Asipopata cha kukinga nyayo zake, ataanguka. Na ardhi ya Venice ni matope.

Kwa hiyo da Ponte aliamuru magogo yapigwe matopeni, yapata 6,000 kila upande, yakasongamana kama meno ya chanuo. Vichwa vyake hakuvifanya vya kimo kimoja, bali kama ngazi. Na juu yake akalaza mawe kwa mshazari, yaelekee tao na kupokea msukumo wake. Labda utauliza, Je, magogo hayo hayaozi? Mti hauozi upesi pasipo hewa, na ndani ya matope yaliyojaa maji hewa ni haba sana. Mti uozao upesi ni ule ulowao leo na kukauka kesho.

Kazi ilianza mwaka 1588, na mara maneno yakazuka kwamba misingi ni dhaifu. Wakuu wakafanya uchunguzi, wakasikiliza mashahidi, wakamruhusu mzee aendelee. Mwaka 1591 daraja likaisha.

Mgeni alipandaye leo hupanda ngazi pana kati ya safu mbili za maduka, na akifika juu huona mfereji pande zote mbili. Apitaye chini kwa mashua upande mmoja huona sanamu za mawe: malaika Gabrieli mwisho huu, Bikira Maria mwisho ule, na katikati ya tao njiwa.

Mpaka mwaka 1854 hapakuwa na daraja lingine juu ya Mfereji Mkuu. Mwaka huo likajengwa la chuma mahali paitwapo Accademia, na mwaka 1858 la pili, la chuma pia, karibu na stesheni ya gari la moshi. Yote mawili yaliondolewa na mengine kuwekwa mahali pake, mwaka 1933 na 1934. Lile la da Ponte lingali likivukwa.