Singeli Usiku wa Kibiti: Tupime Nini Kabla ya Kukemea?



Wapendwa waseminari na waamini, somo letu ni la maadili, na tunalianza kwa kesi tuliyoitunga sisi wenyewe. Kigango kimoja wilayani Kibiti kina kwaya ya watu tisa. Kijana anayeongoza sauti ya tatu ndiye pia anayeshika maiki kwenye vigodoro usiku wa Jumamosi, akiimba singeli mpaka karibu na alfajiri. Mwenyekiti wa kigango anataka asimamishwe kwaya. Mama yake anasema fedha ya kigodoro ndiyo inayolipa ada ya mdogo wake. Mseminari aliyetumwa hapo kwa miezi michache ya kazi za kichungaji anaulizwa: Frateri, Kanisa linasemaje? Aliyewahi kukaa Bungu, Jaribu au Kibiti mjini ataona kwamba hatukubuni mengi.

Kabla ya kusema Kanisa linasemaje, tujue kwanza tunazungumzia kitu gani. Singeli ilizaliwa Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati. Baba yake ni mchiriku, muziki wa vinanda vidogo vya Casio, ngoma na spika zilizochoka, uliotokana na ngoma za Wazaramo. Kundi la Jagwa Music lilijulikana kwa muziki huo tangu miaka ya 1990. Vijana waliofuata waliacha vinanda wakashika kompyuta. Walichukua vipande vya taarabu na mchiriku, wakavikimbiza mpaka mapigo 200 na hata 300 kwa dakika, na juu yake wakaghani maneno kwa kasi hiyohiyo. Moyo wa mtu aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100 kwa dakika, kwa hiyo si ajabu mzee anayeusikia kwa mara ya kwanza akahisi anafukuzwa.

Kutoka Mbagala hadi Kibiti ni safari ya saa chache kwa barabara ya kusini. Kijana wa delta huenda mjini kubeba mizigo au kuendesha bodaboda, hurudi na nyimbo kwenye simu, na wenzake huzirushiana. Kutoka hapo zinapanda boti pamoja na unga na sukari, zinaingia kwenye mikoko mpaka visiwani. Kule zinakuta sherehe ambazo zilikuwapo zamani: harusi na kumtoa mwali. Singeli haikuleta usiku wa ngoma Rufiji. Iliukuta, ikaongeza spika.

Muziki wa namna hii, ulioanza chini kwa chini, uko pia kwa jirani zetu. Nairobi kuna vijana wanaopiga hevi metali, yaani magitaa ya umeme yanayokwaruza na sauti za kunguruma. Bendi kama Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass zilipata wapenzi wake bila kuwa wengi. Kwa muziki huo tuhuma ilikuwa nzito kuliko ya singeli, kwa sababu watu wengi huuhusisha na shetani. Na Kenya jambo la shetani halikuwa la mzaha: mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za kishetani, na mwenyekiti wake alikuwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Kijana aliyevaa fulana nyeusi yenye fuvu katika nchi yenye hofu ya namna hiyo alijua atatazamwaje.

Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu kwa jina la Duma. Msomaji wa Kiswahili atamfikiria mnyama mwenye mbio. Kwa Kikuyu neno hilo ni giza. Waliotoa albamu hiyo ni kampuni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ileile iliyotoa mkusanyo wa singeli za Mburahati, Sounds of Sisso, mwaka 2017. (Jina la kampuni linatutia haya kwa Kiswahili, wenyewe hueleza kwamba kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza.) Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, aliyewahi kuwa padre, alilipiga marufuku tamasha lao. Muda mfupi baadaye serikali ililiruhusu kwa masharti, na vijana wakaenda. Marufuku ilitolewa kabla ya kupambanua, ikaanguka, na baada ya hapo hakuna kijana aliyekuwa tayari kusikiliza hoja nzuri zilizokuwa ndani yake.

Sasa turudi Kibiti na kipimo chetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba wema au ubaya wa tendo la binadamu unategemea mambo matatu: kitu chenyewe kilichochaguliwa, nia ya mtendaji, na mazingira ya tendo. Waseminari wanalijua hili kwa mtihani. Tabu ni kulitumia saa nane ya usiku, wakati ukuta unatetemeka na usingizi umekataa kuja.

Kitu chenyewe ni nini? Mwenyekiti wa kigango atasema: kelele. Lakini kelele si dhambi. Zaburi ya 150 inamsifu Mungu kwa matoazi yavumayo sana, na wakati wa jubilei za parokia zetu spika za kwaya nazo hazinong'oni. Wala kasi si dhambi. Mtakatifu Agostino, katika Maungamo yake, alijichunguza kuhusu muziki wa kanisani, akaogopa kwamba huenda sauti tamu inamgusa kuliko maneno yanayoimbwa. Tazama alichoogopa. Aliogopa utamu, tena ndani ya kanisa. Kwa hiyo sikio lililochukizwa si shahidi wa kutosha mbele ya dhamiri, na sikio lililofurahishwa pia si shahidi.

Giza la maneno nalo tulipime polepole. Singeli nyingi ni malalamiko: kukosa kazi, kudharauliwa na mwenye nyumba, kuachwa na mpenzi aliyempata mwenye gari. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaisha gizani, bila mstari wa faraja mwishoni, na Kanisa linaisali katika Sala ya Usiku ya Ijumaa. Kama tunaweza kumwachia mzaburi alie mpaka mwisho, tunaweza kumsikiliza kijana wa Kibiti, au yule wa Nairobi anayenguruma, kabla ya kumwambia ana pepo.

Hata hivyo si kila kitu ni kilio. Kuna nyimbo ambazo kitu chake ni matusi, zinazomvua mwanamke heshima yake mbele ya watoto waliosimama kutazama. Hapo hatuna cha kuremba. Nia ya kulipa ada ya mdogo wake ni njema, na Katekisimu inasema wazi kwamba nia njema haiwezi kugeuza tendo baya kuwa jema. Kijana huyo huyo kesho asubuhi ataongoza Zaburi ya wimbo wa katikati, na waamini waliomsikia usiku wako hapo mbele yake. Mwenyekiti, katika hili, ana hoja.

Mazingira ndiyo yanayotaka macho zaidi, na hapa mgeni hukosea kwa urahisi. Ndiyo, kuna mgonjwa jirani, kuna wanafunzi wa kike ambao hawakupaswa kuwa nje saa hiyo, kuna pombe. Masheikh wa Kibiti, ambako waamini wengi ni Waislamu, wanayalalamikia mambo yaleyale, na paroko mwenye busara angeenda kuzungumza nao na na serikali ya kijiji kuhusu saa ya kuzima spika kabla ya kumwandama mwanakwaya mmoja. Lakini Kibiti ina mazingira mengine. Watu hawajasahau mauaji yaliyofikia kilele mwaka 2017. Viongozi wa vijiji waliuawa majumbani mwao. Tarehe 13 Aprili mwaka huo askari polisi 8 waliuawa Jaribu. Bodaboda zilipigwa marufuku kutembea usiku, na watu walijifungia mapema. Sisi tunaona kwamba mahali palipopita katika usiku wa namna hiyo, umati wa vijana wanaocheza nje bila hofu si jambo dogo, hata kama muziki wenyewe hatuupendi. Mseminari asiyejua historia hiyo atasikia kelele tu.

Tuliwahi kukosea upande mwingine pia kama Kanisa. Wamisionari wengi wa mwanzo walikataza ngoma bila kuuliza ngoma ipi na ya nini, na ngoma ikabaki nje ya mlango wa kanisa kwa miaka mingi. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapa mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akitafuta njia ya kuufungulia mlango huo. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Konstitusio ya Liturujia, inayotaka mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yaheshimiwe. Hatusemi singeli iingie kwenye Misa. Liturujia ina mahitaji yake, na mapigo 300 hayaachi nafasi ya mtu kusali. Tunasema tu kwamba ngoma iliyopo leo mbele ya altare nayo iliitwa ya kipagani na watu wenye nia njema.

Basi kijana wetu? Tungemshauri Frateri asimjibu mwenyekiti siku hiyohiyo. Akae na kijana, amwombe amwimbie nyimbo zake zote, hata zile za kuona haya, na azisikilize mpaka mwisho. Wazigawe pamoja: hizi ni kilio, hizi ni utani wa harusi, hizi ni matusi. Za matusi aziache kabisa, ajue kwamba watu wa kigodoro watalalamika na pengine watamlipa pungufu, na kigango kisimwache peke yake na pengo hilo la ada. Usiku wa kuamkia zamu yake ya kuongoza Zaburi asipige. Mwenyekiti naye aombwe kuwapo kwenye mazungumzo ya pili, si ya kwanza, maana mbele ya mwenyekiti kijana hataimba.