Kusasisha Programu ya Maktaba Bila Kuvipoteza Vitabu

Tamthilia ya Hatia ilitoka mwaka 1972 ikiwa na jina la Penina Muhando. Mwaka 1991 kikatoka kitabu cha Kiingereza kuhusu sanaa za maonyesho na maendeleo barani Afrika, na mwandishi wake ni Penina Muhando Mlama. Ni mtu mmoja. Mwanafunzi anayeandika Mlama kwenye kompyuta ya maktaba anapaswa kuviona vitabu vyote viwili, na anayeandika Muhando vivyo hivyo. Rekodi zisipounganishwa ataona kimoja tu, ataondoka akiamini kingine hakimo, na kumbe kiko rafu ya pili.

Wakutubi wengi wanapoambiwa kwamba programu ya katalogi imetoa toleo jipya, huliona jambo hilo kuwa la mafundi wa TEHAMA. Fundi ana sehemu yake, lakini sehemu kubwa ni ya mkutubi. Programu hubadilishwa ili rekodi zihifadhiwe na zitafutwe vizuri zaidi, na rekodi mbovu itabaki mbovu hata katika toleo la leo asubuhi. Makala haya yanaeleza namna ya kusasisha kwa usalama na namna ya kuitumia nafasi hiyo kurekebisha taarifa za vitabu, hasa vya Kiswahili. Mfano wetu ni Koha, programu huria inayotumika katika maktaba nyingi za vyuo Afrika Mashariki. Kanuni zake zinafaa pia kwa programu nyingine.

Ijue programu, ijue rekodi

Koha ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000. Leo hutoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na namba ya toleo ndiyo inayokueleza umri wake: 24.05 ni la Mei 2024, na 24.11 ni la Novemba mwaka huo. Namba ya tatu inayofuata huonyesha marekebisho madogo, ambayo mara nyingi huziba mianya ya usalama. Ukikuta maktaba yako bado iko kwenye toleo la miaka mingi iliyopita, jua kwamba mianya iliyogunduliwa tangu hapo haijazibwa kwako.

Rekodi zenyewe zina historia ndefu zaidi. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram wa Library of Congress, Marekani, aliongoza kazi ya kuunda MARC, muundo unaoiwezesha kompyuta kusoma taarifa za kitabu. Kila taarifa ina uga wenye namba yake: 020 ni ISBN, 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 650 ni mada. Muundo unaotumika sasa huitwa MARC 21. Kwa kuwa muundo ni mmoja, rekodi iliyoandikwa Nairobi husomeka Dodoma au London, na kosa lililoandikwa mahali pamoja husafiri vilevile.

Kabla ya kugusa seva

Kwanza, andika toleo ulilonalo na toleo unalolitaka, kisha soma taarifa za matoleo yote yaliyo katikati. Unaloliruka ndilo litakalokukwaza. Mfano mzuri ni toleo la 17.05. Hapo Koha iliihamisha rekodi nzima ya MARC kutoka jedwali lililoitwa biblioitems kwenda jedwali jipya la biblio_metadata. Katalogi iliendelea kufanya kazi, ila ripoti zilizoandikwa kwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, zikiitafuta rekodi kwenye jedwali la zamani zilikwama. Kama mkuu wako hutegemea ripoti ya kila mwezi, ijaribu kabla ya kitu kingine chochote.

Pili, tengeneza nakala rudufu ya hifadhidata pamoja na mipangilio ya seva, na ihamishe nje ya seva hiyo. Nakala iliyobaki kwenye diski ile ile itakufa pamoja nayo. Ongeza nakala ya rekodi zote katika muundo wa MARC, kwa sababu hiyo inaweza kufunguliwa na programu yoyote ya maktaba. Halafu ifungue nakala yako kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina wa kuithibitisha.

Tatu, tumia kompyuta hiyo hiyo kama uwanja wa majaribio: sasisha humo kwanza. Hapa kuna jambo moja la kuangaliwa sana. Nakala hiyo imebeba majina, simu na barua pepe za wasomaji wako. Zima utumaji wa ujumbe kabla ya kuiwasha, la sivyo wasomaji watapokea madai ya vitabu walivyokwisha kurudisha. Funga pia njia ya kuifikia kutoka intaneti. Sheria za kulinda taarifa binafsi, za Kenya na Uganda za mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinaihusu nakala ya majaribio kama zinavyoihusu seva halisi.

Ukishasasisha kwenye uwanja wa majaribio, fanya kazi za siku ya kawaida: azimisha kitabu, kirudishe, sajili msomaji, chapisha lebo, ingiza rekodi mpya, toa ripoti. Mshirikishe mhudumu wa kaunta, kwa kuwa ndiye anayejua kitufe kipi hubonyezwa mara mia kwa siku.

Siku yenyewe

Chagua siku yenye wasomaji wachache, si wiki ya mitihani. Tangaza mapema. Weka daftari kaunta lenye safu za namba ya msomaji, namba ya kitabu na saa, ili uazimishaji usisimame. Chukua nakala rudufu mpya asubuhi hiyo, kwa sababu ya wiki iliyopita haina miamala ya jana.

Wakati wa kusasisha, Koha hubadilisha pia umbo la hifadhidata. Badiliko hilo haliwezi kurudishwa nyuma kwa kusakinisha tu toleo la zamani. Njia pekee ya kurudi ni kuirejesha nakala rudufu, na miamala iliyofanywa baada ya nakala hiyo hupotea. Kwa hiyo kubalianeni mapema: nani ataamua kwamba mambo yameharibika na turudi, na mwisho wa kuamua ni saa ngapi.

Kazi ikikamilika, unda upya faharasa ya utafutaji. Hatua hii ikisahauliwa, rekodi zaweza kuwemo zote na bado msomaji akatafuta asipate kitu. Safisha kumbukumbu za kivinjari kwenye kompyuta za kaunta ili kurasa za zamani zisichanganyike na mpya. Kisha ingiza yaliyoandikwa kwenye daftari kabla hayajalala.

Rekodi za Kiswahili: pa kuangalia

Hapa ndipo mkutubi anapokuwa fundi mkuu. Anza na msimbo wa lugha. Katika MARC, Kiswahili ni swa, na huandikwa kwenye uga 008, nafasi ya 35 hadi 37. Koha ina mpangilio uitwao DefaultLanguageField008. Ukiachwa wazi, kila rekodi mpya huzaliwa ikiwa ya Kiingereza mpaka mtu airekebishe. Matokeo yake ni kwamba msomaji anayechuja vitabu vya Kiswahili peke yake hunyimwa vitabu mlivyonavyo. Toa orodha ya rekodi zote zenye eng, ipitie kwa macho, na utashangaa riwaya zetu ngapi zimeitwa za Kiingereza. Mpangilio pacha, DefaultCountryField008, ni wa nchi ya uchapishaji: Tanzania ni tz, Kenya ni ke, Uganda ni ug. Kwa kitabu cha Kiswahili cha Kongo, uga 041 unaruhusu msimbo mahususi zaidi wa swc kutoka ISO 639-3, mradi uonyeshe chanzo cha msimbo huo. Uga 008 hubaki na swa.

Angalia kisha kiashiria cha pili cha uga 245. Namba hiyo huiambia kompyuta iruke herufi ngapi inapopanga vitabu kwa alfabeti. Kwa jina la Kiingereza linaloanza na The, huandikwa 4, yaani herufi tatu na nafasi inayofuata. Kiswahili hakina neno la namna hiyo mwanzoni, hivyo kwetu ni 0. Mtu akinakili rekodi ya Kiingereza kama kielelezo na kusahau ile 4, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein itapangwa kwenye herufi E.

Jambo la tatu ni utafutaji wenyewe. Programu nyingi zimezoea lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Sisi wingi wetu uko mbele: anayetafuta vyombo hapati chombo, na anayetafuta miti hapati mti, hata akiongeza nyota mwishoni mwa neno. Dawa yake iko kwenye rekodi za majina rasmi, yaani rekodi za pekee zinazotaja umbo rasmi la jina au mada pamoja na maumbo yake mengine. Mada ikiandikwa rasmi kwa wingi kwenye uga 150, umbo la umoja liwekwe kwenye uga 450, ili anayeandika lolote kati ya hayo aelekezwe pamoja. Kwa majina ya vitabu yenye tahajia mbili, kama utenzi na utendi, tumia uga 246, wa majina mbadala. Jaribu pia maneno yenye ng', kama ng'ombe na ng'ambo. Kitone cha juu hicho huandikwa wima na kibodi moja na kikapinda katika nyingine, na kompyuta huweza kuviona kuwa vitu viwili tofauti. Tafuta kwa namna zote mbili kabla na baada ya kusasisha. Matokeo yakitofautiana, amueni umbo moja na msahihishe rekodi zote kwa pamoja.

Rekodi za majina rasmi ndizo zinazomtatulia pia yule mwanafunzi wa Muhando na Mlama. Jina moja huwekwa kwenye uga 100 wa rekodi hiyo, jingine kwenye 400, na vitabu vyote vikafungamanishwa nayo. Faida yake huonekana zaidi jina linapobadilika. Zaire ilirudi kuwa Kongo mwaka 1997, na Swaziland ikawa Eswatini mwaka 2018. Maktaba yenye rekodi zilizofungamanishwa hubadilisha mahali pamoja. Isiyo nazo hubadilisha kitabu kimoja kimoja.

Kwa maktaba zenye miswada au tenzi kwa hati za Kiarabu, uga 880 huhifadhi maandishi ya asili sambamba na yale ya Kilatini. Hakikisha tu kwamba faili unaloingiza liko katika Unicode. Ukichagua usimbaji usio sahihi, herufi hugeuka alama zisizosomeka, na kuzirejesha ni kazi ya wiki.

Kuchukua rekodi kwa wengine

Si lazima kila rekodi iandikwe upya. Kupitia itifaki ya Z39.50, Koha huweza kuuliza katalogi ya maktaba nyingine na kuleta rekodi iliyo tayari. Kwa vitabu vyetu hazina ni kubwa. Library of Congress ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, ambayo hukusanya na kuorodhesha machapisho ya Afrika, yakiwemo ya Kiswahili. Anwani za huduma hizi hubadilika wenyeji wanapobadilisha mifumo yao, hivyo jaribu kila moja baada ya kusasisha na uondoe zilizokufa.

Utafutaji kwa ISBN una mitego yake. Vitabu vya kabla ya 1970 havina namba hiyo. Vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10, na vya baadaye 13. Mpangilio wa SearchWithISBNVariations huiruhusu Koha kutafuta maumbo yote mawili. ISBN zinazoanza na 978-9976 au 978-9987 ni za Tanzania, 978-9966 ni za Kenya, na 978-9970 za Uganda. Rekodi ikija na namba ya Nairobi lakini ikidai kitabu kimechapishwa New York, fungua kitabu uangalie. Usiruhusu rekodi ya kuletwa ifute ya kwako bila kuzilinganisha. Yako inaweza kuwa na muhtasari au mada ambazo wa mbali hakuziandika.

Ukimlipa mtu akutunzie programu

Maktaba ndogo isiyo na fundi inaweza kukodi huduma hii, na hakuna ubaya. Mkataba useme mambo manne kwa maandishi: toleo litasasishwa mara ngapi, nakala rudufu huwekwa wapi na mara ya mwisho ilijaribiwa lini, nani hutoa mafunzo baada ya mabadiliko, na kwamba mtapewa rekodi zenu zote katika MARC wakati wowote mtakapoziomba, bila malipo ya ziada. Anayekwepa la nne hafai kukabidhiwa katalogi yenu.

Pangeni kazi hii kwenye ratiba ya mwaka kama mnavyopanga ukaguzi wa vitabu: mwezi wa kusasisha, na baada yake wiki mbili za kusafisha rekodi, kila mara kundi moja tu. Mwaka huu msimbo wa lugha, mwakani majina ya waandishi. Rekodi mlizosahihisha zitoeni kwa maktaba jirani na kwa maktaba ya taifa, kwa kuwa kazi iliyofanywa vizuri mara moja haina haja ya kurudiwa mahali kumi. Programu zitaendelea kutengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia. Lakini kujua kwamba Muhando ndiye Mlama, na kwamba anayetafuta chombo anataka pia vyombo, kunahitaji msomaji wa Kiswahili kwenye kiti cha mkutubi.