Moto Mmoja, Watu Wengi: Mafunzo Niliyopata Jikoni Msimu wa Mvua, Goma

Wageni wakisikia Kongo hufikiria joto. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa Kivu liko kusini na mlima Nyiragongo, wenye mita 3,470, uko kaskazini. Mvua za Septemba zikishaanza, jioni zetu ni za sweta na blanketi. Theluji hatuna, ila tuna miezi ambayo saa kumi na mbili watu wameshaingia ndani, matope meusi ya volkano yamejaa njiani, na kila nyumba inatafuta moto. Kwetu moto ni makala, yaani makaa ya miti, na makala ni pesa. Mafunzo haya yote yametoka hapo: nani awashe, awashe saa ngapi, kipikwe nini kwanza, na nani aitwe.

1. Maharagi ndiyo yanayopanga siku

Wifi yangu alipokuja kutoka Kinshasa alishangaa maharagi yetu. Aliyaweka motoni saa nane akitegemea kula jioni, na saa moja usiku yalikuwa bado magumu. Akadhani tumeuziwa ya zamani. Lakini tatizo halikuwa sokoni. Kwenye mwinuko wa Goma maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100, na hata ukiongeza makala kiasi gani hayatapanda zaidi ya hapo. Makala ya ziada yanakausha maji tu.

Kwa hiyo nyumbani maharagi yanalowekwa usiku. Asubuhi tunamwaga maji yale, tunaweka mapya, na sufuria inapanda kwenye babula, jiko letu la makala, moto ukishashika sawasawa. Mama mkubwa alinifundisha jambo moja ambalo silikuti katika vitabu vya mapishi: juu ya kifuniko weka bakuli la maji. Yanapata moto hapo hapo kwa mvuke wa chini, na maharagi yakianza kukauka unaongeza yale yaliyo moto tayari. Ukiongeza maji baridi unayakatisha, na unalipa saa nyingine ya makala. Chumvi, vitunguu vya majani na seleri vinaingia mwishoni.

Maharagi yakiwa motoni tangu asubuhi, watu wanajua leo kuna watu. Jirani akipita anaona mvuke, anauliza, anajibiwa. Mialiko mingi ya Goma inafanyika hivyo.

2. Moto mmoja una mapishi manne

Sehemu kubwa ya makala ya mji huu imetoka kwa miaka mingi katika misitu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika. Kila gunia linaloshuka mjini, likiwa juu ya lori au juu ya chukudu, kigari chetu cha mbao, lina miti ndani yake. Juhudi zipo. Mradi wa EcoMakala wa WWF ulianza mwaka 2007 kuwasaidia wakulima kupanda miti ya kuchomea makala nje ya hifadhi. Kituo cha umeme cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilifunguliwa mwaka 2015. Lakini umeme haujafika kila nyumba, na pale ulipofika wengi wanauweka kwa taa na simu. Sufuria bado iko kwenye babula.

Nimejifunza kuusoma moto kwa hatua zake. Makala yakiwa mekundu yote ni wakati wa maharagi na wa kusonga bugali, kwa sababu bugali unataka maji yanayoruka. Yakianza kuvaa jivu jeupe, sombe, yaani majani ya mihogo, inakaa juu yake bila kuungua. Yakilegea zaidi, maziwa na chai ya tangawizi. Yakibaki machache, unafukia viazi vitamu ndani ya jivu na kuweka juu sufuria ya maji ya kuogesha watoto. Anayewasha moto kwa chai peke yake, akauzima, kisha akauwasha tena kwa chakula, anatumia makala ya nyumba mbili.

Na nyumba mbili zikitumia moto mmoja? Hilo ndilo funzo ninalolithamini kuliko yote. Sisi na majirani wa upande wa pili wa ukuta wa mawe tulianza kupokezana: leo babula inawaka kwetu, kesho kwao, sufuria zinavuka. Makala yalipungua kuliko nilivyotarajia. Ila faida kubwa ilikuwa kwamba watu walikuja na sufuria wakakaa.

3. Sambaza haigeuzwi mapema

Sambaza, samaki mdogo tunayemwita wa Kivu, aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo ndiye anayelisha pwani yote ya ziwa. Wavuvi hutoka usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanashusha wavu na kuwasha taa. Ukiwa kando ya ziwa usiku usio na mbalamwezi unaona taa zile zimetapakaa majini hadi upande wa Gisenyi. Asubuhi mapema samaki wako soko la Kituku, na anayetaka wabichi asingoje jua lipande.

Msimu wa mvua kuanika ni shida, kwa hiyo tunakaanga siku hiyo hiyo. Osha kwa maji ya chumvi, chuja, acha zikauke ndani ya kapu hadi ukishika moja isikuachie maji mkononi. Mafuta yawe moto kweli. Tupa moja ya kujaribia, ikipanda juu mara moja na kuanza kulia, nyingine zinafuata, konzi moja tu kwa wakati. Kisha toa mkono. Usikoroge. Zikiguswa bado laini zinavunjika vichwa na sufuria inabaki na uji wa samaki. Subiri sauti ya mafuta ipungue, ukingo wa mkia uwe wa kahawia, ndipo ugeuze mara moja. Ndimu, chumvi, pilipili. Zile za kwanza haziwahi kufika mezani. Watoto wamezizunguka, na watu wazima pia.

4. Sombe inahitaji mikono na maneno

Siku hizi kuna mashine za kusagia sombe, na simlaumu anayezitumia baada ya siku nzima sokoni. Hata hivyo, Jumamosi ya mvua kinu kinatoka. Majani ya mihogo yana sumu, na kutwanga ndiko kunakoifungua. Kisha yanachemshwa kwanza bila kifuniko ili mvuke wake utoke, mlango ukiwa wazi. Anayefunika sufuria mapema kwa kutaka kuharakisha anawanyima watu wake usalama. Baada ya hapo ndipo vitunguu, bilinganya, na mafuta ya mawese mwishoni. Kwetu tunaongeza karanga za kusaga.

Kutwanga kunachukua muda, watu wawili wanapokezana mchi, na katika muda huo ndipo mambo yasiyosemwa mezani yanasemwa. Binti anayesumbuliwa na masomo, kijana anayetafuta mahari, yaya aliyekosana na mumewe: haya yote nimeyasikia kwenye kinu. Mtu hutazama majani, hamtazami mwenzake, na maneno yanatoka.

5. Mvua ikipiga mabati, zima televisheni

Nyumba nyingi za Goma ni za mbao na mabati. Mvua kubwa ikishuka husikii redio wala televisheni, na kumsikia aliye kando yako ni kwa kuinama. Zamani nilikuwa naona wakati huo umepotea. Sasa naona ndio wenyewe. Mzee wetu anatoa ubao wa kisoro, mistari 4 yenye mashimo 8 kila mmoja, kete 64, na mchezo huo hauhitaji kusikia chochote. Watoto wanapiga karata. Wengine wanacheza dama kwa vizibo vya chupa, vya fanta upande mmoja na vya bia upande mwingine.

Mvua ikipungua, hadithi zinaanza, na hadithi za Goma ni za mlima. Wazee wana yao ya Januari 1977. Sisi tuna ya tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani. Watoto wana ya tarehe 22 Mei 2021, na ya siku chache baadaye tulipoamriwa kuhama, barabara ya Sake ikajaa watu na magodoro. Mama mkubwa anawauliza wajukuu kila mara: ukiambiwa toka sasa, unabeba nini? Mtoto anayejibu sufuria anasifiwa.

Televisheni ina siku zake. Tarehe 7 Februari 2024 timu yetu ya taifa, Léopards, walicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan, dhidi ya wenyeji, Ivory Coast, saa nne usiku kwa saa zetu. Nyumba ilijaa mpaka kizingitini, maharagi yakakaa juu ya jivu yasipoe. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani kama bastola, dunia ione kinachofanyika Mashariki. Chumba kilinyamaza. Tulifungwa 1-0, na bado ni moja ya jioni ninazozitunza, kwa sababu tulikuwa pamoja tulipoona kwamba tumeonekana.

6. Babula isilale ndani

Hapa naomba msomaji asome polepole. Usiku wa baridi kuna kishawishi cha kuingiza babula chumbani, kufunga mlango na madirisha, na kulala na joto. Makala yanayowaka taratibu hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamshwi nayo. Goma tunaijua hewa inayoua kimya. Magharibi mwa mji kuna mazuku, mabonde ambamo hewa ya kaboni dioksidi kutoka chini ya ardhi hukusanyika kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na mbuzi au mtoto akiingia humo haamki. Tunawakataza watoto kushuka kwenye mazuku, kisha tunatengeneza hewa nyingine ya kifo chumbani kwetu wenyewe. Mkishamaliza kula, babula itoke nje au barazani, na watu wajifunike blanketi.

7. Maji ya mvua ni ya kuosha

Tunayakinga kwa beseni na mabidoni chini ya mabati, na ni baraka katika mji usio na mto. Lakini moshi wa Nyiragongo unaingia katika mvua yetu, na ndiyo maana mabati yanashika kutu upesi. Osha nayo sahani na nguo. Ya sufuria tafuta ya bomba yaliyotibiwa.

8. Sufuria ikubali mkono mpya

Tangu vita vilipowaka upya Rutshuru mwaka 2022, kisha Masisi, watu walishuka Goma kwa maelfu. Wengi walikwenda kwenye kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala. Wengine waliingia katika nyumba za ndugu, na nyumba ya watu sita ikawa ya kumi na wawili. Tulipokea. Shangazi kutoka Rutshuru aliona ninavyopika maharagi, akakaa kimya, kesho yake akaomba ndizi. Akazimenya, akazitia katika maharagi yaliyokaribia kuiva, na sufuria ile ile ikatosha wote. Ndugu wa Masisi alikuja na kipande cha fomaji, yaani jibini, kwenye kitambaa, tukakila na viazi vya kuchemsha tukinywa chai ya tangawizi, mvua ikinyesha. Mtu aliyeacha shamba, ng'ombe na nyumba hapendi kukaa tu akipewa sahani. Mpe kisu. Mpe mwiko. Muulize kwao wanafanyaje. Shangazi alianza kucheka tena siku aliyoanza kupika.

Mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, umeme na maji vilikatika na hakuna aliyetoka nje. Kilichotulisha ni kilichokuwa ndani: maharagi, unga wa mihogo, sambaza kavu, na nusu gunia la makala. Tulipika mara moja kwa siku, babula moja kwa nyumba mbili, kwa sababu tulikuwa tumeshazoea. Tangu hapo sikubali anayesema kwamba kukaa pamoja jikoni ni mambo ya starehe.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesoma ukiwa Katindo, Majengo, Ndosho au popote penye baridi: nunua gunia lako Julai na Agosti, makala yakiwa makavu. Na jioni ya mvua, kabla hujawasha, tuma mtoto kwa jirani aulize kama wamewasha. Kama hawajawasha, waje na sufuria yao.