Neno LUKU na Kodi ya Majengo Jijini Arusha

LUKU ni akronimu ya tungo "Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo". Ilienea miaka ya 1990, Shirika la Umeme (TANESCO) lilipoanza kufunga mita za malipo ya kabla. Kisarufi, tungo hiyo ni ahadi: kiambishi u- chamlenga mtumiaji, na kirejeshi -vyo chafungamanisha malipo na kiasi cha matumizi. Kwa mantiki yake, asiyewasha taa halipi.

Tarehe 20 Agosti 2021 mita hiyo hiyo ilipewa kazi ya pili. Kodi ya majengo ilianza kukatwa katika ununuzi wa umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 viwango vikawa 1,500 na 7,500. Kiutawala njia hii ni nyepesi, kwani haihitaji mtoza kodi wa kubisha hodi. Tatizo limo katika nafsi: sheria humtaja mmiliki, ilhali mita humjua mnunuzi tu.

Katika kata kama Ngarenaro, Unga Limited na Sombetini, wapangaji wengi huchangia mita moja. Anayetangulia kununua umeme mwezi unapoanza ndiye anayekatwa kodi ya nyumba isiyo yake. Serikali ilieleza kuwa mpangaji apatane na mwenye nyumba. Lakini mwenye kupanga chumba kimoja ana nguvu gani ya kumdai mwenye nyumba shilingi 1,500? Aidha, nyumba ya vyumba viwili Unga Limited na jumba la kifahari lisilo na ghorofa huko Njiro hukatwa sawasawa. Hili lashangaza zaidi kwa kuwa Arusha ilikwisha kutumia picha za setilaiti kutambua majengo yake, katika Mradi wa Miji ya Kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Picha hizo ziliona paa, kuanzia katikati ya mji hadi chini ya Mlima Meru. Mita huona umeme tu.

Badiliko hili halikuzaa jina jipya. Wasemaji walikwisha kuifanya LUKU nomino ya kawaida ("luku imeisha", "kanunue luku"), na kirefu chake hakikumbukwi sana. Katika stakabadhi, kodi ya jengo ni mstari mmoja tu, karibu na kodi ya ongezeko la thamani na tozo za EWURA na REA.