Fundi Mitambo na Neno la Mungu: Tujifunze Mikisa ya Kidijitali



Wapendwa vijana, somo la leo lina ufundi kidogo, lakini msilikimbie. Linawahusu hasa ninyi mnaokaa nyuma ya mitambo siku ya Bwana, iwe Kamunyonge, Musoma mjini, Bunda, Butiama au kwingine. Parokia ikipata mikisa ya kidijitali, mara nyingi kijana mmoja anaambiwa, "Wewe si unajua kompyuta? Basi kaa hapo." Anakaa. Kwaya inanguruma vizuri tu, halafu somo la kwanza linasomwa na bibi wa benchi la mwisho hasikii kitu.

Kwa nini ni jambo zito

Mtume Paulo, katika Warumi 10:17, anatufundisha kuwa imani huanzia kwenye kusikia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 14, unataka waamini wote washiriki kikamilifu na kwa kuelewa. Sasa mtu atashirikije asichokisikia? Hata Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, aliziweka Injili katika tenzi, na utenzi ni kitu cha kusikilizwa. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiwa kwenye feda unashika mlango ambao Neno linapitia kuwafikia watu.

Ina tofauti gani na ile ya zamani?

Kwenye mikisa ya zamani kila kazi ina kirungu chake, na vyote unaviona mezani. Ya kidijitali inageuza sauti kuwa namba, na virungu vilevile vinatumika kwa chaneli yoyote. Hapo ndipo wengi wanapotea. Siri ni moja: chagua chaneli kwanza kwa kitufe kilichoandikwa SELECT, ndipo uguse kingine. Usipofanya hivyo utadhani unarekebisha maiki ya msomaji, kumbe unaharibu ya padre.

Tuchukue mfano wa Behringer X32 iliyotoka mwaka 2012. Ina njia 32 za kuingizia maiki, njia 16 za kutolea sauti, na feda zenye mota zinazosogea zenyewe ukibadilisha ukurasa. Za kampuni nyingine zinatofautiana sura, ila mantiki ni hiyohiyo.

Vidhibiti vya kuanza navyo

*Geini.* Hii ndiyo inayopokea sauti mlangoni. Mwambie msomaji asome kwa sauti yake ya kweli, siyo "moja mbili, moja mbili". Taa za kijani zipande, ya njano iguse mara chache, nyekundu usiione kabisa. Sauti ikishakatika hapa, hakuna kirungu mbele kitakachoiponya.

*Volti 48.* Maiki za kondensa, kama zile nyembamba za altareni au za juu ya kwaya, haziongei bila umeme huu. Zima kwanza chaneli ndipo ubonyeze, la sivyo spika zitapiga mshindo na watu watashtuka.

*Kichujio cha chini.* Kinaondoa mngurumo wa upepo, wa kugusa stendi na wa hatua za watu. Kwa maiki za kuongelea, kiweke kati ya hezi 80 na 120. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tunaujua upepo wa misa za nje!

*Ikwalaiza.* Sauti ikiwa kama inatoka ndani ya pipa, punguza kidogo kati ya hezi 200 na 400. Maneno yasipokatika vizuri, angalia eneo la hezi 2,000 hadi 4,000. Kanuni: punguza kabla ya kuongeza. Maiki ikipiga mluzi, mara nyingi dawa ni kusogeza spika au kumsogeza msomaji karibu na maiki, siyo kuzungusha kila kitu.

*Kompresa na geti.* Kompresa inashusha kelele ya ghafla, inamsaidia sana mhubiri anayenong'ona kisha anapaza. Geti inafunga maiki kukiwa kimya. Uwe mwangalifu nayo: ikiwa kali, itamla mzee anayesoma taratibu, mwanzo wa kila sentensi utapotea.

*Njia za monita.* Kwaya wanataka kujisikia wenyewe. Wape mchanganyiko wao, na uuweke uchukue sauti kabla ya feda, ili ukipunguza kanisani wasipoteze ufunguo wa wimbo.

*Kuchelewesha sauti.* Hiki wengi hawakijui. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Kama una spika za nyuma zilizo mita 20 kutoka zile za mbele, sauti ya mbele itachelewa kama milisekunde 58 kuzifikia. Waya haungoji, kwa hiyo bibi wa nyuma anasikia neno mara mbili. Ingiza hizo milisekunde 58 kwenye njia ya spika za nyuma, na neno litarudi kuwa moja.

Ndani ya Misa

Tengeneza makundi: kwaya na vyombo kundi moja, maiki za altare na mimbari kundi lingine. Kitufe kimoja kinazima kwaya yote. Hifadhi pia kumbukumbu za mpangilio: moja ya nyimbo, moja ya Liturujia ya Neno, moja ya Sala ya Ekaristi. Mwangwi wa kupamba usiuache kwenye masomo wala mahubiri, unameza maneno.

Na jamani, ukimya wa baada ya Komunyo ni sehemu ya ibada. Zima maiki zisizotumika, ondoa mikono kwenye mitambo, nawe usali.

Umeme ukikatika, mikisa hii haiamki papo hapo kama ile ya zamani. Betri ya akiba itakuokoa. Nakili mpangilio wako kwenye flashi, funika mashine na vumbi, na kama mnaiongoza kwa tableti, wekeni nywila kwenye mtandao wake.

Tujihoji

1. Jumapili iliyopita nilitembea hadi benchi la mwisho kusikiliza, au niliamini masikio yangu tu?
2. Waamini waliimba na kwaya, au niliwafunika?
3. Nimemfundisha kijana mwingine, au nimeficha ujuzi ili nionekane wa lazima?
4. Nilishiriki Misa, au nilichezea vitufe saa nzima?

Swali la tatu tulichukulie kwa uzito. Mashine imenunuliwa kwa sadaka za waamini. Ukisafiri au ukiugua, Neno lisikwame kwa sababu ya nywila iliyo kichwani mwako. Wiki hii chagua mwenzako mmoja wa VIWAWA au wa kwaya, kaa naye nusu saa kanisani likiwa tupu, mwonyeshe geini na SELECT. Hayo mawili yanatosha kwa kuanzia.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa muziki, utuombee.