Pesa Umeshalipa, Sasa Pumzika

Mdogo wangu, najua ulivyozikusanya hizo pesa. Mwezi huu umeweka za chama, mwezi ule umejinyima viatu, hadi ukalipia siku zako za Diani, kila kitu ndani: chumba, chakula na vinywaji. Ndiyo maana nataka tuongee kabla hujafunga begi. Nimeona wengi wakiiharibu siku ya kwanza kwa kutaka kuila pesa yao yote kabla jua halijazama. Wanajaza sahani, wanakunywa mchana kutwa, wanaungua na jua, kesho yake hawainuki kitandani. Ulicholipia ni mapumziko. Shika hilo kwanza.

Tuanze na njia. Ukishuka treni Miritini, Diani bado ni mwendo. Barabara ya Dongo Kundu inakufikisha pwani ya kusini bila kugusa feri ya Likoni, kwa hiyo patana na dereva njia na nauli kabla hujaingia garini. Ukija kwa ndege hadi Ukunda, huenda ukafika kabla chumba chako hakijawa tayari, maana hoteli nyingi hutoa vyumba kuanzia saa nane mchana. Usikae kwenye kochi la mapokezi ukinuna. Nguo ya kuogelea, mafuta ya kukinga jua na dawa zako viwe kwenye mkoba mdogo. Begi kubwa waachie wakutunzie, kisha uliza kama unaweza kula na kutumia bwawa huku ukisubiri. Mara nyingi jibu ni ndiyo.

Hapo mapokezi watakupa sharubati, watakagua kitambulisho na kukufunga bangili mkononi. Usiondoke haraka. Uliza kwa sauti, bila aibu: vinywaji gani vimo na vipi vinalipiwa? Vya kuagizwa kutoka nje mara nyingi havimo. Friji ya chumbani je? Kufuliwa nguo? Kukandwa mwili? Michezo ya majini yenye injini? Mkahawa wa samaki unahitaji kuwekewa nafasi leo? Maswali haya hayakufanyi uonekane mshamba. Mwenye kuuliza sasa hapigwi na bili siku ya kuondoka. Na ukiombwa kutia sahihi karatasi yoyote, isome kwanza.

Chumbani, funga mlango wa roshani kabla hujafanya lolote. Diani ina kima na tumbili waliozoea watu. Ukiacha ndizi mezani na mlango wazi, mmoja ataingia, ataibeba, na pakiti ya biskuti ataifungua kwa ustadi kukushinda. Usiwalishe hata wakikutazama kwa huruma, maana mnyama aliyezoea mkono wa mtu huishia kuwa mkali. Wale weusi wenye manyoya meupe mabegani ni mbega. Ukipita barabara ya Diani utaona ngazi za kamba zilizotandazwa juu, mti hadi mti. Zimewekwa ili wavuke bila kugongwa na magari.

Sasa bafe. Macho hayana pazia, lakini tumbo lina mpaka. Zunguka meza zote mikono mitupu kwanza, uone kuna nini, ndipo uchukue sahani. Anza na vya huku: samaki wa kupaka, wali wa nazi, mbaazi, viazi vya karai. Chakula hakikimbii, jioni kipo, kesho kipo. Kama unakunywa pombe, kila glasi ifuate na maji, na ukishakunywa usiingie baharini.

Kuhusu bahari, mwulize mwokozi wa ufukweni maji yanajaa saa ngapi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya jana si ya leo. Maji yakijaa, ogelea. Yakipwa, tembea, lakini vaa viatu vya mpira, kwa sababu kwenye mawe kuna viumbe weusi wenye miiba inayokatikia nyayoni. Na jua la Diani ni la karibu na ikweta: ngozi nyeusi nayo huungua. Saa sita hadi saa tisa kaa kivulini.

Ukikanyaga mchanga tu, vijana wa ufuoni watakufuata na vikoi, vinyago na safari za mashua. Hao wanatafuta riziki, na ufuo ni wa wote. Wasalimie, jibu shikamoo ya mtoto wa watu, sema leo umefika tu. Safari ya mashua hadi visiwa vya Kisite na Wasini ni nzuri mno, ila ni ya siku nzima na mara nyingi haimo kwenye ulicholipia. Iache hadi kesho kutwa, ukiwa umelinganisha bei.

Jambo la mwisho, hasa kwa ninyi dada zangu mnaoona haya kuvaa nguo ya kuogelea. Vaa inayokusitiri unavyotaka, hata ikiwa dera, mradi uingie majini. Mwite kwa jina mhudumu wako, mshukuru, na bakshishi ukiwa nayo mpe. Kisha lala mapema. Pesa hiyo ilikwishatoka mfukoni. Usingizi mzuri ndio njia yako ya kwanza ya kuifaidi.